Mpangaji Asiyechanua

Jumapili, 3 Machi

Msiba. Baada ya chakula cha mchana Shangazi alitangaza kwamba Jumamosi fundi wa ujenzi anakuja kumwaga zege uani, eneo lote, kutoka mlango wa jikoni mpaka ukutani. Hapo litajengwa banda la kukatia vitambaa, lenye meza ndefu na taa yake. Nilifurahi kwa ajili ya Shangazi. Anashona kwenye chumba kimoja chenye cherehani tatu, kabati, pasi na mteja anayejaribu nguo nyuma ya pazia, na bado kola zake zinakaa sawasawa kama zimechorwa. Anastahili meza ndefu.

Kisha nikamkumbuka Mpangaji.

Mpangaji ni mmea. Anakaa kwenye kona ya uani, karibu na ukuta, amejaa majani mazito yanayong'aa kama viatu vya siku ya kwanza ya shule. Hatujui nani alimpanda. Shangazi alimkuta alipohamia. Hajawahi kutoa ua, wala tunda, wala mwiba. Hana harufu. Hana adui. Nimesomea mitihani yangu yote nikiwa nimeketi ubavuni pake, na ndiye kiumbe pekee aliyewahi kunisikia nikisoma kwa sauti. Kwa maoni yangu hakuna mmea unaomzidi. Hajionyeshi, na kila asubuhi yupo.

Nilipinga. Yaani nilikohoa. Shangazi akauliza kama nimepaliwa. Nikasema, mmea. Akauliza mmea gani. Tukatoka wote kumtazama.

Redio akasema ni gugu. Redio ni binti wa Shangazi, kwa hiyo ni binamu yangu, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa. Kazi yake ni kupokea wateja, na tangu anapofumbua macho asubuhi haongei, anatangaza. Mimi ananiita Kobe. Analitaka hilo banda ili apate pa kuweka kioo kirefu. Lazima nikiri kwamba alivyolitamka lile neno "gugu", mbele ya watu, bila hata kumeza mate, ilikuwa kazi safi. Mimi ningehitaji wiki nzima.

Shangazi ni mtu wa haki. Alimtazama Mpangaji, akanitazama mimi, kisha akasema:

"Niletee jina lake kabla fundi hajashika sururu Jumamosi, nami nitamtetea. Nisiyemjua nitamtetea vipi?"

Anayejua yupo. Ni Mama Miche, anayeuza miche kando ya barabara, mkabala na duka la vifaa vya shule. Miaka yote ya shule nimepita mbele ya meza yake nikienda na nikirudi. Nimemwona akichukua mche uliolala kama kitambaa kilicholoa, akaufukia upya kwa vidole viwili, na kesho yake umesimama. Akipelekewa jani analipapasa kwanza, kisha ndipo analitazama, kwa adabu tu. Hakuna mtu ninayemheshimu zaidi, ukimtoa Shangazi, na Shangazi ni ndugu.

Kwa hiyo siwezi kumuuliza. Mtu wa namna ile hasumbuliwi na maswali. Itabidi aseme mwenyewe, kwa hiari yake.

Nitatengeneza mpango.

Jumatatu, 4 Machi

Mpango: kutembea. Nitapita mbele ya meza ya Mama Miche nikiwa na tawi la Mpangaji mkononi, kwa utulivu, kama mtu ambaye siku zote hutembea na tawi. Mtaalamu hawezi kuona jani zuri akanyamaza. Atasema, "Lo, fulani mzuri hivyo umemtoa wapi?" Mimi nitatabasamu na kwenda zangu, nikiwa na jina.

Nilimwomba Mpangaji radhi nikakata tawi.

Nikapita. Alikuwa na mteja. Nikageuka mbele ya duka nikapita tena. Alikuwa ameinama. Nikapita polepole. Nikapita kwa haraka, labda mwendo ndio ulikuwa tatizo. Fundi viatu aliye jirani yake akaanza kunisalimia kila nilipofika, nami nikawa naitikia kwa kichwa, na shingo ikachoka.

Mara ya mwisho Mama Miche akainua uso. Akanitazama. Akalitazama tawi. Akasema kwa upole mkubwa, "Mwanangu, pipa la taka lipo pale kwenye kona."

Nikasema asante. Nikaenda kwenye kona. Alikuwa bado ananiangalia, kuhakikisha sijapotea njia. Ikabidi nilitupe.

Ana sauti nzuri sana ukiwa karibu.

Jumanne, 5 Machi

Kosa la jana nimeliona. Nilimpa mtaalamu jani tupu. Anayekijua kitu, kinachomkera si kukiona, ni kukiona kimeandikwa vibaya. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa hivyo. Ukimwachia kosa ubaoni, kengele italia, darasa litatoka, yeye bado yupo na chaki.

Kwa hiyo: nitachomeka tawi kati ya miche yake, likiwa na kibandiko chenye jina la uongo. Atakerwa, atafuta, ataandika jina la kweli. Mimi nitasoma kwa mbali. Hakuna mazungumzo mahali popote. Mpango safi kabisa.

Ilibaki kuchagua uongo. Kitabu changu cha baiolojia kina picha ya tawi la mkahawa, majani yametokea mawili mawili yakitazamana. Yanafanana na ya Mpangaji kiasi cha kunishtua. Nikaandika KAHAWA kwenye kipande cha kadibodi, kwa mwandiko wa mtu mzima.

Mama Miche alipokwenda kuchota maji nikachomeka tawi kati ya nyanya na pilipili. Halafu nikasimama nyuma ya nguzo ya duka nikijifanya nasoma tangazo lililobandikwa pale. Ni la paka aliyepotea. Mweupe, mkia mweusi, huogopa watu. Nilimwelewa.

Mama Miche akarudi. Akaliona. Akasoma kadibodi, akageuza jani, akalipitishia kidole gumba. Kisha akacheka. Alicheka peke yake, kimya, mabega yakitikisika. Akatafuta glasi, akatia maji, akalisimamisha tawi katikati ya meza pamoja na kadibodi yake, kama mgeni aliyepewa kiti cha mbele. Akaja bwana mmoja mwenye mkoba akauliza bei yake. Nilimsikia Mama Miche akimwambia hiyo haiuzwi, kuna mwenyewe.

Lakini hakufuta. Hakuandika kitu.

Nimelifikiria jambo hili mpaka chakula cha jioni kikapoa. Maana yake ni moja tu. Hakusahihisha kwa sababu hakukuwa na cha kusahihisha. Nilitafuta uongo nikaangukia kwenye ukweli. Mpangaji ni kahawa!

Jumatano, 6 Machi

Nilitangaza wakati wa chai ya asubuhi. Kutangaza ni neno kubwa. Nilikiweka kitabu cha baiolojia karibu na mkono wa Shangazi, kikiwa wazi kwenye ile picha, nikasubiri. Shangazi akaweka kikombe juu ya picha. Nikasubiri tena. Mwishowe nikasema.

Shangazi alifurahi mpaka akavua miwani. Alisema siku zote alihisi yule ana asili ya maana, anavyosimama tu ni kama mtu aliyelelewa vizuri. Ulikuwa muda mfupi lakini mtamu.

Redio akauliza kahawa yenyewe iko wapi. Nikasema bado anasubiri. Redio akauliza anasubiri nini, kuitwa kwenye usaili? Lazima nikiri lilikuja haraka sana lile, na mkate bado ulikuwa mdomoni mwake. Shangazi akavaa miwani tena. Akasema mkahawa huzaa, na huyu hajazaa tangu wamejuana, hata punje moja ya kujitetea.

Redio hakuishia hapo. Alichuma majani akayachemsha kwenye sufuria, ati tusikie harufu. Ikatoka harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Katika hali hiyo akaingia fundi wa ujenzi, amekuja kupima. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye penseli nyuma ya sikio, na huhesabu mifuko ya saruji kwa kuchezesha midomo. Redio akamkaribisha kikombe. Fundi akanusa, akauliza ni kinywaji gani. Redio akamwambia hilo ndilo tunalolitafuta. Fundi akakirudisha kikombe mezani kwa mikono miwili, taratibu, akasema samahani, yeye hanywi kitu ambacho wenye nyumba wenyewe hawakijui.

Basi habari ya kahawa ikaishia kwenye sinki.

Fundi akavuta uzi kutoka mlangoni mpaka ukutani kuonyesha zege litakapofika. Anavuta uzi vizuri, umenyooka kama mstari wa rula. Umepita katikati ya kifua cha Mpangaji.

Alhamisi, 7 Machi

Mchanga umeletwa. Kokoto pia. Redio alikuwa ananitafuta nikamsaidie kufunga vifungo mbele ya bibi harusi na dada zake. Mbele yao! Nikajificha mahali ambapo sijawahi kuingia, nyuma ya Mpangaji, kati yake na ukuta. Nafasi yenyewe inamtosha paka, au mimi nikitoa pumzi.

Nikiwa nimechuchumaa pale nikatazama juu, ndani ya matawi. Nikasahau kuogopa.

Mpangaji amejaa nyuzi. Nyuzi za kila rangi, zimenasa kwenye matawi ya ndani, nyingine zimeanza kumezwa na gome. Kuna pini zenye kutu. Kuna kipande cha utepe. Kuna vumbi la chaki ya bluu. Ilinichukua muda kuelewa, ingawa nimeliona jambo hilo kila siku ya maisha yangu humu. Shangazi hakati kitambaa cha pamba kabla hajakiloweka na kukikausha, asije mteja akafua gauni mara moja likawa la mdogo wake. Kamba ya kuanikia hujaa. Vitambaa vizito, vya sare na vya mapazia, humtupia Mpangaji. Asubuhi humtupia, mchana humgeuzia upande wa pili.

Kwa juu ncha zake zote zimebapa na kuvunjika. Miaka yote hiyo amebeba nguo za watu kichwani na hajawahi kuanguka. Nilitaka kumpigia saluti lakini mkono haukupata nafasi.

Halafu upande wa ukutani, chini kidogo, ambako vitambaa havifiki, nikaona ncha nzima. Na juu ya ncha hiyo kitu chembamba cha kijani, kimesokotwa, kama mwavuli mdogo uliofungwa na mtu makini.

Tumba. Tumba la ua!

Ningeweza kumwambia Shangazi saa ile ile. Lakini angehuzunika kuhusu vitambaa, na Redio angelisoma kwenye taarifa ya habari. Afadhali ua lijisemee lenyewe. Likichanua kabla ya Jumamosi hakuna fundi atakayelitia sururu, na harufu au umbo litatufikisha kwenye jina. Kinachohitajika ni kulihimiza kidogo.

Nimempa ndoo ya maji ya uvuguvugu. Kisha sukari, kijiko kilichojaa. Kisha majivu. Kisha ndoo nyingine, kwa sababu baada ya ile ya kwanza alionekana mwenye shukrani. Kisha nyingine. Kisha nikamsomea sura ya uchavushaji, ili ajue mbele kuna nini.

Ijumaa, 8 Machi

Tumba limeanguka. Nimelikuta kwenye tope, la njano.

Nimetafuta sababu kwa makini. Nadhani ni ile sura ya uchavushaji. Ina maelezo mengi mno kwa mwenye haya. Ningeanza na sura ya mizizi.

Sikuwa na muda wa kulia. Nililitia tumba kwenye kisanduku cha kiberiti nikaenda kwa Mama Miche na mpango mpya: kudondosha. Nitakidondosha kiberiti karibu na miguu yake kana kwamba kimeniponyoka. Atakiokota. Kitafunguka. Atashangaa kwa sauti, na katika kushangaa atataja jina.

Nilikuwa bado sijafika vizuri, mkono ungali mfukoni, Mama Miche akaniambia, "Umekuja? Haya, anza na nyanya." Akanikabidhi kopo la kumwagilia.

Nilitazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu mwingine. Ni wazi alinifananisha na msichana fulani aliyeahidiwa. Ningeweza kusema mimi siye. Lakini alikuwa ameshageukia kazi yake, na mtu mzima hakatizwi. Nikaanza na nyanya.

Nikaenda pilipili. Nikaenda biringanya. Mama Miche alipita nyuma yangu akanishika kiwiko, akakishusha kidogo, maji yakaanza kuangukia mzizini na si kwenye majani. Mara moja tu alisema, alipoona nimerudi kwenye nyanya zile zile, kwamba mmea ukizidishiwa maji hutupa ulichobeba. Maneno mazito. Siku moja nitajua yanahusu nini.

Muda wote huo tawi langu lilikuwa mbele ya macho yangu, ndani ya glasi yake, na KAHAWA yake. Mara kadhaa nilifungua mdomo. Mara moja nilifika mpaka "hili". Mama Miche akageuka mara moja, mikono kiunoni, akanitazama kwa makini kabisa, kama mtu anayesubiri basi. Nikasema, hili kopo limeisha maji. Akashusha pumzi ndefu, akanionyesha bomba. Nadhani alikuwa amechoka, amesimama tangu asubuhi.

Jioni aliniambia nina mkono mwepesi na nirudi Jumatatu, ipo kazi na upo ujira. Nikasema asante. Kisanduku cha kiberiti kilikuwa kimeloa mfukoni, tumba limekuwa uji.

Kwa hiyo hali ni hii. Nilikwenda kutafuta jina, nimepata kazi. Jina bado. Fundi anakuja kesho.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi aliingia na sururu begani, mpole vile vile. Shangazi akatoka na futi kamba shingoni. Redio akasimama mlangoni na kikombe cha chai, mahali pazuri pa kuonea.

"Haya," Shangazi akasema. "Anaitwa nani?"

Mpango wangu wa asubuhi ulikuwa kubuni jina refu, la kisayansi, kwa sababu majina marefu hayaulizwi maswali. Nilikuwa nalo tayari. Lakini nilipomtazama Shangazi, nililiacha. Huwezi kumdanganya mtu anayefumua mshono mzima kwa sababu ya kosa ambalo mteja asingeliona.

"Sijui jina lake, Shangazi," nikasema. "Lakini yeye anakujua."

Nikayashika matawi nikayapanua.

Shangazi akachuchumaa. Kwanza hakuona kitu, kisha akaona, na mkono wake ukaingia wenyewe. Akavuta uzi mweupe, akasema huo ni wa sare za wauguzi, walikuwa kumi na wawili na kila mmoja alitaka mfuko upande wake. Akavuta wa kijani, mapazia ya ofisi ya mwanasheria. Akavuta wa zambarau akacheka, hakutuambia kwa nini. Hakuna kitambaa alichokisahau. Kisha akafika kwenye uzi wa rangi ya dhahabu, umekaa ndani kabisa, gome limeufunika nusu. Huo hakuuvuta. Aliugusa tu. Alisema ni wa gauni la kwanza aliloshona katika nyumba hii, na kwamba siku hiyo hakuwa na hata kamba ya kuanikia. Alimtupia huyu kwa sababu ndiye aliyekuwepo.

Redio aliweka kikombe chini. Akaja akainama karibu yetu, akagusa uzi mwingine. "Mama," akasema kwa sauti ambayo sikuijua, ndogo, "huu si wa sare yangu ya darasa la kwanza?"

Ulikuwa wa sare yake.

Shangazi akatazama juu, kwenye zile ncha zilizobapa. Mimi sikumwambia kitu. Macho yake yalipita kwenye ncha, yakaenda kwenye beseni la kulowekea, yakarudi. "Kumbe aliyemnyima maua ni mimi," akasema.

Fundi akauliza kwa heshima kama achimbe au asichimbe. Shangazi akamwambia anywe chai kwanza, ile yenye jina. Akakata kijitawi, akanishika mkono, tukatoka. Ana kandambili miguuni, futi kamba bado shingoni, anatembea kama anayewahi ofisi za watu kabla hazijafungwa. Nilimwomba tupunguze mwendo, nina mpango mzuri wa namna ya kumkabili Mama Miche, kwanza tutasimama nyuma ya nguzo. Hakunisikia. Hata barabara hatujavuka, akainua kijitawi juu akaita:

"Dada, samahani! Huyu anaitwa nani?"

Mama Miche hata hakusimama. "Gadenia," akasema.

Basi. Ni hivyo tu. Kama mtu anayetaja saa.

Nililazimika kushika nguzo ya duka. Tulipovuka alieleza yote. Gadenia hutoa maua meupe, mazito, yenye harufu inayoingia nyumbani kabla ya mgeni. Maua hukaa kwenye ncha, kwa hiyo hataki kufunikwa wala kuvunjwa. Hataki kuhamishwa. Hataki kuogeshwa kwa ndoo. Na kahawa ni ndugu yake wa ukoo mmoja, hivyo aliyeandika ile kadibodi ana macho.

Halafu akanigeukia. Alisema Jumatatu alidhani nimetumwa kutupa takataka. Jumanne alipoona kadibodi akaelewa, maana alishaniona nyuma ya nguzo, na paka yule ameshapatikana wiki iliyopita. Akaliweka tawi mbele ya meza, mahali pa wazi, ili nije niulize. Jana nilipokuja akanipa kopo, akijua nikichoka nitauliza.

"Ukamwagilia mpaka kokoto," akasema. "Hukuuliza!"

Shangazi alicheka mpaka akaegemea meza ya miche. Mimi nilitazama chini, lakini kwa ndani nilikuwa nimejaa heshima. Kumbe naye ana mipango. Na ya kwake ni mizuri kuliko yangu.

Tuliporudi Shangazi alimpima Mpangaji. Alimzungushia futi kamba kiunoni kama mteja yeyote, akaandika kipimo kwenye kiganja, kisha akaongeza shubiri pande zote, kama anavyoacha upindo kwenye sare ya mtoto anayekua. Alimwambia fundi hapo zege lisifike. Fundi alinung'unika kwamba banda lenye shimo hajawahi kulijenga. Lakini alipoanza, alilizungushia shimo ukingo wa duara, akaulainisha kwa mwiko, akarudi nyuma kuutazama, akarudia. Ni mviringo mzuri kuliko sahani zetu.

Kamba mpya ya kuanikia imefungwa mbele ya nyumba. Redio ameshawaambia wateja wote habari ya gadenia. Analitamka vizuri mno, huwezi kuamini alilisikia leo.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimeketi karibu na Mpangaji kufanya tathmini. Zege bado ni bichi, nimekaa kwenye ubao.

Matokeo: yupo. Ana jina. Ana nafasi ya kukua. Kwa hiyo mipango yangu yote imefaulu. Imezunguka kidogo, hilo nakubali, na mwishoni Shangazi alisaidia katika jambo dogo la kuuliza. Lakini msingi ulikuwa wangu. Nimeridhika sana na mbinu yangu. Kilichokosekana ni muda tu.

Kesho naanza kazi kwa Mama Miche. Sijalala vizuri kwa furaha. Kuna tatizo moja: hakusema niende saa ngapi.

Shangazi amesema ni Jumapili, mama wa watu yuko nyumbani, mtaa wa pili, nivae viatu nikamuulize. Redio amesema atakwenda yeye, kwa moyo mzuri kabisa, tena alikuwa ameshafika mlangoni. Ilibidi nimzuie kwa mikono. Tangu jana amekuwa mwema kwangu na sitaki kumharibia.

Nina mpango. Nikifika kabla yake nitaonekana nina kiherehere. Nikifika baada yake nitakuwa nimechelewa. Kwa hiyo nitatoka alfajiri na kikapu kitupu, nipite mbele ya meza kama mtu anayekwenda kwingine. Nitageuka mbele ya duka na kupita tena. Nitaendelea hivyo mpaka anione. Akisema "umewahi" au akisema "umechelewa", nitapiga hesabu, na Jumanne nitakuwa najua saa kamili bila kumsumbua mtu.

Redio amesikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, "Lakini Kobe, si umuulize tu?"

Nimemwonea huruma. Msichana mwenye kipaji kama kile, na hajawahi kuwa na mpango hata mmoja.